Mwaka 1962 katika ushairi: Shaaban Robert tumweke wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa fasihi katika sekondari moja mkoani Tanga. Wanafunzi wangu wanatengeneza bango la ukutani lenye kichwa "Mwaka 1962 katika Ushairi", kwa kuwa ndio mwaka aliofariki Shaaban Robert. Tumepata orodha ya matukio ya mwaka huo, lakini karibu yote ni ya Ulaya na Marekani: tuzo, vitabu, vifo. Shaaban hayumo. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Kwani sisi mwaka ule hatukuwa na ushairi?" Nilikosa la kumjibu. Nini hasa kilitokea mwaka huo, na Shaaban tumweke wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mpe huyo mwanafunzi salamu zangu. Swali lake limewahi kuwasumbua watu wazima wenye vitabu vyao, na jibu lililosikika duniani lilichukua zaidi ya miaka ishirini kuandikwa. Nitalifikia.

Tulikuwa na ushairi mwaka 1962, tena mwingi. Shida iko katika namna orodha hizo zinavyokusanywa. Mkusanyaji hutazama kitabu kilichotoka, tuzo iliyotolewa, na mshairi aliyefariki akiwa na jina katika magazeti ya London na New York. Shairi lililohifadhiwa kichwani mwa mtu, au mswada uliolala sandukuni, halimo katika hesabu yake. Na kwa kipimo hicho 1962 hupunjika kuliko miaka mingi, kwa sababu sehemu kubwa ya tungo zake zilizokuja kudumu, za kwetu na za wenzetu, ilikuwa haijafika machoni pa wasomaji.

Nianzie nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, nje kidogo ya mji wenu wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, nchi yake ikiwa na uhuru wa miezi sita tu. Maisha yake ya kazi yalikuwa ya ukarani serikalini: forodhani, idara ya mifugo na wanyama, ofisi ya wilaya Tanga, na mwisho idara ya upimaji ardhi. Vitabu aliviandika kando ya ajira hiyo. Diwani yake *Pambo la Lugha* ilichapwa Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940, na hilo ningependa wanafunzi wako waliandike kwa herufi kubwa: mshairi wa Tanga, anayetunga kwa Kiswahili, kitabu chake kinatoka Afrika Kusini, maana wachapishaji wa mashairi ya Kiswahili walikuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Sasa angalia mwezi wa kifo chake. Juni hiyohiyo, waandishi wa Kiafrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. Ni mkutano mashuhuri kupita yote katika historia ya fasihi yetu ya kisasa, na ukiwa na nafasi moja tu ya Afrika Mashariki kwenye bango, wengi watakuambia uweke huo. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka, J. P. Clark na Christopher Okigbo kutoka Nigeria. Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane kutoka Afrika Kusini. Na Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Wamarekani Weusi, alivuka bahari akaja. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi pale chuoni, akiitwa James Ngugi, na alipata kiti kwa hadithi fupi chache alizokuwa ameshachapisha. Washairi walibishana kuhusu Negritude, ule mwito wa kujivunia Uafrika uliotoka kwa wenzao wanaoandika Kifaransa. Soyinka anakumbukwa kwa hoja yake kwamba chui milia hatangazi uchui wake, hurukia windo.

Lakini soma jina la mkutano wenyewe: ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Kwa jina hilo mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwanafunzi mwenye hadithi mbili tatu za Kiingereza aliingia. Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai Afrika Mashariki, mwenye diwani, tenzi, insha na riwaya, hakuwa na sifa ya kualikwa. Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyelisema jambo hilo wazi katika *Decolonising the Mind*, kitabu chake cha mwaka 1986, akimtaja Shaaban kwa jina pamoja na Fagunwa, mwandishi wa Kiyoruba. Hilo ndilo jibu nililokuambia lilichukua zaidi ya miaka ishirini. Nampenda Ngũgĩ kwa hilo, kwamba alikuwa ndani ya chumba na bado akauliza habari za waliobaki nje.

Naongeza jambo moja, na ndilo linaloniuma zaidi. Makerere haikuwa mahali pageni kwa Kiswahili. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo Shaaban alikuwa mjumbe wake, ilikuwa na makao yake palepale Makerere tangu 1952, na mwaka 1962 ndio iliyohama kwenda Mombasa, kabla ya kufika Dar es Salaam na hatimaye kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kwa hiyo chuo kilichokusanya waandishi kuzungumzia mustakabali wa fasihi ya Afrika kilikuwa kwa miaka kumi nyumba ya kamati ya Kiswahili, na mjumbe wa kamati hiyo, mshairi mkuu wa lugha hiyo, hakuitwa. Sidhani kuna aliyekusudia kumdhalilisha. Ilikuwa ni mazoea ya wakati, kwamba ukisema "fasihi" akili inakwenda kwenye Kiingereza, na ukisema "Kiswahili" akili inakwenda kwenye kamusi na sarufi. Mazoea hayo nimeyakuta hata katika madarasa ya miaka yetu.

Kwa haki ya historia, wanafunzi wajue pia kwamba fedha za mkutano zilipitia shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom, na baada ya miaka michache ikafichuka kwamba shirika hilo lilikuwa likilishwa na CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Hilo halifuti vipaji vilivyokuwa pale. Okigbo mwaka huohuo alitoa *Heavensgate* huko Ibadan, kwa wachapishaji wa Mbari, na mashairi yake ya kumwangukia Idoto, mto wa kijijini kwao, bado yanasimama. Alikufa mwaka 1967 katika vita vya Biafra, vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Nigeria. Mjadala nao haukwisha: mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika katika jarida la *Transition*, lililokuwa likitolewa Kampala, kwamba fasihi ya Afrika inayong'ang'ania lugha za wakoloni inaelekea kwenye ukuta usio na mlango. Walikasirika wengi. Mimi naona alikuwa akimtetea Shaaban, hata kama hakumtaja.

Upande wetu kuna kitu kingine cha 1962 ambacho sijakiona katika orodha ya aina uliyopata. Mwaka huo Lyndon Harries alichapisha Oxford kitabu kizito, *Swahili Poetry*, chenye tungo za kale zilizonakiliwa kutoka katika miswada ya hati za Kiarabu, *Al-Inkishafi* ikiwemo, pamoja na tafsiri na maelezo. Basi pima mwenyewe: mwaka uleule ambao mkutano wa Kampala haukuwa na kiti cha Kiswahili, wachapishaji wa Oxford walikuwa wanatoa ushahidi wa karne kadhaa za ushairi ulioandikwa kwa Kiswahili. Na tarehe 10 Desemba, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Shaaban hakuifikia siku hiyo.

Sasa twende kwa wenzetu, maana bango lako halitakuwa la haki likiwa la upande mmoja. Hapa nitakaa kwa mshairi mmoja, Anna Akhmatova wa Urusi, kwa sababu naamini Mswahili anaweza kumwelewa haraka kuliko wasomaji wengi.

Miaka ya 1930, katika kamatakamata ya Stalin, mtawala wa Usovieti, mwanawe Lev alitiwa gerezani. Akhmatova alisimama kwa miezi 17 katika foleni za magereza ya Leningrad pamoja na kina mama wengine, kila mmoja akisubiri habari za wake. Anasimulia kwamba siku moja mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake, midomo imekuwa ya buluu kwa baridi, alimnong'oneza akiuliza kama anaweza kuyaeleza haya. Akajibu kwamba anaweza. Akatunga *Requiem*. Lakini kuiweka kwenye karatasi kulikuwa ni kujitafutia kifo, kwa hiyo aliandika beti chache kwenye kipande cha karatasi, akampa rafiki amwaminiye asome kimya hadi ahifadhi, kisha karatasi ikachomwa moto. Utungo mzima uliishi hivyo, vichwani mwa watu wachache, kwa zaidi ya miaka ishirini. Desemba 1962, serikali ya Khrushchev, kiongozi wa Usovieti baada ya Stalin, ilipolegeza kamba kidogo, ndipo ulipopigwa taipu kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata ulichapwa Munich. Nchini kwake ulisubiri hadi 1987.

Wewe na mimi tunatoka kwa watu walioghani tenzi kwa moyo, bibi anayemfundisha mjukuu utenzi bila ya kitabu. Tunajua kwamba vina na mizani vina kazi zaidi ya pambo. Ni kamba ya kufungia maneno yasipotee. Akhmatova naye alitunga kwa mizani na vina, na rafiki zake walishikilia kamba hiyohiyo. Nikifundisha umuhimu wa mizani, siku hizi huanza na habari hii kabla ya Muyaka, yule mshairi wa kale wa Mombasa. Na sasa jiulize: katika orodha ya mwaka 1962, taipu moja ndani ya chumba kimoja inaandikwa wapi? Hakuna aliyeitangaza. Kwangu mimi ni tukio kubwa la ushairi kuliko tuzo zote za mwaka ule.

Septemba ya mwaka huo, Robert Frost, mshairi aliyeenziwa kuliko wote Marekani, alitembelea Urusi akiwa na miaka 88. Walikutana na Akhmatova nje ya Leningrad, wazee wawili, mmoja amebeba medali na shahada za heshima za vyuo vikuu, mwingine amebeba utungo usiotajwa. Frost aliendelea hadi pwani ya Bahari Nyeusi akazungumza na Khrushchev ana kwa ana. Aliporudi, amechoka na safari, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Khrushchev anaona Wamarekani wamekuwa waungwana mno hata hawawezi kupigana. Rais Kennedy, ambaye mwezi Machi alikuwa amemkabidhi Frost medali ya dhahabu ya Bunge siku ya kuzaliwa kwake, alichukizwa. Hakumwita tena hadi mzee alipofariki Januari 1963. Mshairi akitumwa kwa wakubwa, ulimi wake huwa ni hatari kwake mwenyewe. Washairi wetu wa zamani wa Mombasa na Lamu walilijua hilo.

Kisha ikaja Oktoba, na mwezi huu ningekushauri uupe safu yake peke yake.

Tarehe 9, Uganda ikapata uhuru. Tarehe 21, gazeti la *Pravda*, sauti rasmi ya chama cha Kikomunisti, lilichapisha shairi la kijana Yevgeny Yevtushenko kuhusu warithi wa Stalin, likiomba walinzi wa kaburi lake waongezwe mara mbili, mara tatu, asije akafufuka na mambo yake. Kesho yake, tarehe 22, washairi wa Marekani walianza tamasha la kitaifa la siku tatu katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, kuadhimisha miaka 50 ya jarida la *Poetry*. Jioni hiyo Kennedy akatangaza kwenye televisheni kwamba makombora ya nyuklia ya Kisovieti yamegunduliwa Kuba. Washairi waliendelea kusoma, hawajui kama mji watakaoamkia utakuwepo. Frost alikuwepo pale, naye wiki chache tu nyuma alikuwa ameketi na Khrushchev.

Na katika mji mdogo wa jimbo la Devon, Uingereza, mwanamke wa miaka 29, ndoa yake imevunjika, watoto wawili wadogo wamelala, alikuwa akiamka alfajiri na kuandika mpaka watoto waanze kulia. Ni Sylvia Plath. Katika Oktoba hiyo moja alitunga mashairi zaidi ya ishirini, na shairi la "Ariel" lina tarehe ya 27 Oktoba, siku aliyotimiza miaka 30, siku ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa ya hatari kuliko zote za mgogoro wa Kuba. Miezi mitatu na nusu baadaye alijiua, mjini London. Diwani ya *Ariel* ilitoka 1965. Kwa hiyo naye, kama Shaaban, ukimtafuta katika vitabu vilivyotoka 1962 humwoni akiwa na mashairi hayo. (Ukifundisha habari ya kifo chake, mwalimu, ifundishe kwa upole na usiifanye sababu ya ubora wa mashairi. Ubora ulitokana na kazi ya miaka mingi ya kujifunza vina, mizani na umbo, na kisha kuvilegeza kwa kukusudia. Darasani huwezi kujua ni nani anayesikiliza akiwa na mzigo wake.)

Yaliyobaki nitayapitia haraka, mengi unayo. Pulitzer ya ushairi, tuzo kubwa ya Marekani, ilikwenda kwa Alan Dugan kwa kitabu chake cha kwanza. Robinson Jeffers, aliyejijengea mnara wa mawe kwa mikono yake kando ya bahari ya California, alifariki Januari. E. E. Cummings alifariki Septemba. Wanafunzi wakimwona alivyotawanya herufi watasema anaandika guni, yaani shairi lenye kasoro za vina na mizani, lakini wachunguze vizuri, maana chini ya fujo ile kuna soneti nyingi, mashairi ya mistari 14, zilizopimwa. Derek Walcott wa Saint Lucia, akiwa na miaka 32, alitoa London *In a Green Night*, na mwaka 1992 akapewa Nobel. Tarehe 30 Mei, katika kanisa kuu jipya la Coventry, ulisikika kwa mara ya kwanza *War Requiem* wa Benjamin Britten, muziki uliojengwa juu ya mashairi ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa vitani mwaka 1918 akiwa amechapisha mashairi machache mno. Hapo tena: miaka 44 baada ya kufa kwake, ndipo maelfu wanamsikia.

Narudi kwenye swali lako la mwisho, Shaaban tumweke wapi. Usimweke kwenye safu ya "waliofariki" pekee. Alipozikwa Vibambani, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa bado miswada. *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, wenye beti zinazokaribia 3,000 kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, ulichapishwa 1967. *Kufikirika* pia ilitoka 1967, na *Utubora Mkulima* 1968. Wasomaji wengi wa nchi huru walimjua akiwa amekwisha kufa. Kwa hiyo kata bango mafungu mawili: juu andikeni kilichoonekana 1962, chini andikeni kilichokuwa kimeshatungwa lakini kimefichika. Juu wataingia Frost, Dugan, Walcott, Okigbo, mkutano wa Makerere na kitabu cha Harries. Chini watakaa pamoja Shaaban na miswada yake, Akhmatova na rafiki zake wenye kumbukumbu, na Plath na karatasi zake za alfajiri. Kutoka kila jina la chini mchore mshale kwenda mwaka ambao kazi ilichapwa. Mshale wa Shaaban utakwenda miaka mitano, wa Akhmatova utakwenda hadi 1987 kwa nchi yake mwenyewe.

Na kwa kuwa mko Tanga, mna jambo ambalo shule nyingine hazina. Wapeleke wanafunzi Vibambani. Wachague beti chache za *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, kila mmoja ahifadhi ubeti wake bila karatasi, kama wale rafiki wa Akhmatova, kisha wazighani kwa zamu pale kaburini. Huyo aliyeuliza swali apewe ubeti wa kwanza.